Mafuta Aliyoyajaza Mama

Gari letu likitaka kitu huandika maneno kwenye kioo kidogo nyuma ya usukani. Wakati ule lilikuwa linaandika kwamba mafuta yamekaa sana kwenye tangi, na linaomba ruhusa ya kuwasha injini liyachome. Chini yake kulikuwa na vitufe viwili, Sawa na Baadaye. Baba alikuwa ananyoosha mkono kutoka kiti chake cha abiria, hata kabla sijaondoa mguu kwenye breki, anabonyeza Baadaye. Kisha anafuta kidole kwenye suruali kama mtu aliyegusa rangi mbichi.

"Twende," anasema.

Tunaenda. Sokoni, kliniki ya mguu wake, nyumbani. Gari lenyewe halina kelele, na sisi hatuna maneno, basi safari nzima inasikika mikwaruzo ya matairi tu.

Ni gari la umeme, lakini nyuma, chini ya buti, lina injini ndogo ya petroli. Injini hiyo haizungushi magurudumu. Kazi yake ni kuichaji betri ukiwa mbali na umeme umekwisha. Kwa mizunguko yetu ya mjini umeme haukuwahi kwisha. Jioni nachomeka waya ukutani, asubuhi betri imejaa. Kwa hiyo injini ilikuwa imelala tu, na tangi limejaa petroli mpaka shingoni.

Petroli hiyo aliijaza mama.

Mama alikuwa mshonaji wa mapazia. Gari alilinunua likiwa limeshatumika, kwa mteja wake mmoja aliyekuwa anahama, na alilipenda kwa sababu lilimeza marobota ya vitambaa bila kulalamika. Alizijua tabia zake zote. Tangi hakulijaza. Aliweka robo, na kila mwezi, siku asiyokuwa na kazi ya haraka, aliniita, "Panda, tukalikohoze." Tulipanda barabara ya kilimani mpaka kwenye minara ya simu, injini ikinguruma nyuma yetu kama mtu anayesafisha koo. Tukifika anageuza, tunarudi. Huko juu hatukuwa na shughuli yoyote. Hapakuwa na duka wala mtu tunayemjua.

"Petroli nayo inachacha," aliniambia. "Usione imefungiwa ukadhani iko salama."

Mara moja tu alijaza tangi. Dada yangu alikuwa karibu kujifungua, na anakaa mji wa mbali, safari ya kutwa nzima. Mama alijaza jioni, akapakia kwenye buti mapazia ya chumba cha mtoto, ya njano, yenye vifaranga. Asubuhi nilipokwenda kumgongea chumbani kwake, alikuwa amekufa usingizini.

Mtoto alizaliwa tukiwa bado tunapokea watu wa msiba. Dada hakuweza kuja, na sisi hatukuweza kwenda. Mambo yalipotulia nikachukua ufunguo nikalikohoze gari kama zamani, baba akanishika mkono mlangoni.

"Hayo ni mafuta ya mama yako," akasema.

Basi. Nikaurudisha ufunguo mahali pake.

Baba alikuwa mpaka rangi wa majengo marefu, hadi siku alipoanguka kutoka jukwaani, muda mfupi baada ya msiba. Mguu mmoja uliwekwa vyuma na haukunjiki tena. Mabasi hawezi kupanda, kwa kuwa mguu hauna pa kwenda. Kiti cha mbele cha gari letu, kikirudishwa nyuma mpaka mwisho, ndicho kinachomchukua bila maumivu. Kwa hiyo alikuwa anakaa pale, mbele ya tangi alilolilinda, na mimi naendesha.

Nyumbani tulibaki wawili. Mama alikuwa anaongea kwa niaba yetu sote. Alipoondoka, tulibaki na sauti ya friji. Mimi ni mwoga wa kusema tangu utoto. Dukani huonyesha kwa kidole. Baba naye hutumia maneno kama mtu anayeyanunua. Tukazoea kupeana habari kwa vikombe. Kikombe kikifunikwa na kisahani, maana yake chai ipo, bado ya moto. Kikipinduliwa, maana yake nimetoka, nitarudi. Zilipita siku tukaonana mara nyingi na tusisikie sauti ya mwenzetu.

Siku hiyo dada alipiga simu nikiwa naanika nguo.

"Shemeji yako kapata kazi nje," akasema. "Tunaondoka Jumapili."

"Nje wapi?"

"Nje ya kuvuka maji, mdogo wangu. Siyo ile ya kurudi mwisho wa mwezi."

Nilishika kamba ya nguo. Simu ya dada ndiyo ilikuwa mazungumzo yangu. Nilikuwa naikusanyia vitu vya kumwambia, paka wa jirani, mama muuza mboga aliyekatika jino.

"Baba hajamwona mwanangu," dada akaendelea. "Anatembea sasa. Anamwita kila mzee babu, hata muuza mkaa anamwita babu. Njooni. Mimi siwezi, nafunga nyumba nzima na mtoto ananing'inia mguuni."

"Gari..."

"Habari za gari ninazo. Mwambie baba tangi siyo kaburi." Akajirudi. "Hapana, usimwambie hivyo. Mwambie vizuri. Wewe utajua."

"Mimi?"

"Ndiyo, wewe, kwani tuko wangapi? Mimi nikimpigia anasema 'haya, ongea na mwenzio', simu inarudi kwako. Asipomwona sasa atamwona lini? Yeye ndiye huyo anazeeka, na sisi tiketi ya kurudi hatuna."

Wakati wa chakula nilijaribu. Nilisubiri baba ameze.

"Dada anaondoka Jumapili. Wanahamia nje, mtoto na wote. Anataka twende kabla."

Baba akaukata ugali wake vipande vidogo asivyohitaji. "Kwa betri hatufiki."

"Hata nusu hatufiki. Njiani hakuna pa kuchomeka."

"Umeona."

"Injini ipo, baba."

Akaendelea kukata ugali. Nikamtajia gari la kukodi. Akasema mguu wake si wa kwenda kujaribishwa kwenye viti vya watu. Kisha akachukua kisahani akafunika kikombe chake, chai ikiwa nusu. Kwenye lugha yetu ya vikombe hiyo haikuwa maana yake, lakini niliielewa: mazungumzo yamefungwa.

"Watarudi," akasema, akainuka na fimbo yake.

Kesho yake nilipindua kikombe, nikapita gereji kabla ya soko. Fundi wa pale ni mwanamke mmoja mnene, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya barabara. Watu wote wanamwita Spana, nadhani hata watoto wake.

"Aa, Bibi Kimya!" akaniita akiwa chini ya lori. "Leo umekuja na mdomo au umeuacha nyumbani?"

"Nimekuja nao."

"Basi utumie, hautozwi kodi."

Nikamweleza. Nilianza vibaya, nikaanzia kwa mapazia, lakini akaelewa. Alitoka chini ya lori akakaa juu ya tairi, na utani ukamwisha usoni.

"Tangu marehemu alivyojaza? Mwaka na zaidi?"

"Ndiyo."

"Na gari likiomba mnabonyeza Baadaye."

"Baba ndiye anabonyeza."

"Litachoka kuomba. Siku moja litawasha lenyewe bila kumuuliza mtu, tena litawasha na uchafu. Petroli ikikaa, ile nyepesi inayoshika moto upesi inapotea. Inayobaki inakuwa nzito, inanata kwenye vitundu vya injini kama asali. Bahati yenu tangi lilijaa na limefungwa vizuri. Lingekuwa nusu, hewa iliyomo ingeshaimaliza."

"Kwa hiyo ni nzima?"

"Mimi siyo mganga. Ngoja tuione."

Alifungua bomba fulani chini, akakinga kidogo kwenye chupa ya kioo. Katika chupa nyingine akatia petroli mpya kutoka dumu lake. Mpya ilikuwa nyeupe kama maji yenye jua. Ya mama ilikuwa na rangi ya chai iliyopoa. Spana akanusa zote mbili, akatingisha kichwa, lakini si kwa kukata tamaa.

"Mgonjwa, ila hajafa. Ukiiacha peke yake itawaangusha njiani. Lakini nikitoa nyingi, nikaacha kidogo, nikaongeza mbichi, mnafika. Nitoe?"

Nikaitazama ile chupa ya rangi ya chai.

"Nitoe, au baba yako atakuja hapa na fimbo?"

Macho yangu yakabaki kwenye chupa.

"Haya, mdomo umesharudi nyumbani," akasema Spana, akaanza kufunga bomba.

"Naomba hiyo chupa," nikasema.

"Ipi? Hii mbovu? Ya nini?"

"Ya baba."

Akaniangalia, akatafuta kizibo, akaifunga kwa kitambaa. "Isikae jikoni. Na usiilaze."

Nilimkuta baba uani, kwenye benchi lake mbele ya stoo, mguu umenyooka kama mpini wa jembe. Stoo ile ina makopo na brashi zake za kazi. Hakuwa amezigusa tangu aanguke, lakini benchi aliliweka hapo hapo, na mimi sikuwahi kulihamisha. Nikaiweka chupa pembeni ya kikombe chake. 

"Nini?"

"Mafuta ya mama."

Niliona taya lake linakaza. Nikadhani atanifukuza pale. Akaitazama chupa, akainyanyua mbele ya mwanga, akaigeuza. Kisha akafungua kizibo na kunusa, mara moja, polepole, kama alivyokuwa ananusa makopo zamani. Baba aliweza kukwambia rangi ya kopo akiwa amefumba macho.

"Hii vanishi," akasema.

"Siyo vanishi, baba. Ni yale."

"Najua siyo vanishi. Nasema inanuka vanishi."

Akamwaga tone kwenye kidole, akakisugua kwa dole gumba. Akaendelea kusugua baada ya mafuta kukauka.

"Inaanza kushika," akasema. Sauti yake ilikuwa ya kazini, ile niliyokuwa naisikia nikimpelekea chakula chini ya majengo. "Vijana wangu walikuwa wanabakiza rangi nzuri kwenye kopo, wanasema ya kesho. Kesho unaikuta imeota ngozi. Nilikuwa nawafokea mpaka wananikimbia. Umefungua kopo, paka. Hutaki kupaka, umelifungulia nini?"

Akafunga kizibo, akakifungua tena, akanusa tena. Nadhani alikuwa anatafuta kitu kingine ndani ya ile harufu, na hakukipata.

"Mama yako angenifokea," akasema.

"Angekufokea sana."

"Angeanza na wewe."

"Angeanza na mimi," nikakubali, na kidogo tucheke.

Jua lilikuwa limefika kwenye mguu wake. Akauangalia kana kwamba ni wa mtu mwingine.

"Jumapili ni lini?"

"Keshokutwa."

"Huyo Spana mwambie asiitoe yote. Aache kiasi."

Alitaka aone mwenyewe, kwa hiyo nilimpeleka jioni ile ile. Alisimama na fimbo yake muda wote pale gereji, akatazama petroli ikichuruzika kwenye dumu mpaka Spana akamwonea huruma.

"Mzee, kaa, hii siyo damu."

"Utaifanyia nini?"

"Naoshea nati. Kwa kuoshea bado ina nguvu."

Baba akaingiza mkono kwenye koti akatoa brashi yake ndogo ya kupakia kona, nywele zake zimekauka kama ubao. Sikuwa nimemwona akiichukua. Spana hakutania. Alimwagia kidogo kwenye kopo, baba akatumbukiza brashi, akaanza kuikamua kwa vidole, mpaka rangi ya zamani, buluu, ikaanza kutoka. Alipotosheka aliifunga kwa karatasi akairudisha kotini. Spana akaacha kiasi tangini, akaongeza mbichi juu yake.

Tuliondoka alfajiri ya Jumamosi. Mapazia yalikuwa bado kwenye buti, palepale mama alipoyaweka. Mimi niliendesha, baba akatazama namba ya betri kama mtu anayetazama mgonjwa. Namba ikashuka. Tukaacha mji, tukaacha mashamba ya pembeni ya mji, namba inashuka. Injini ile haikuwa imewaka tangu mama alipokuwa hai, na hapo tulipokuwa, kama ingegoma, hapakuwa hata na mtu wa kutusukuma.

Maneno yalitokea kwenye kioo: betri inakwisha, injini inawaka. Nyuma yetu kitu kikatetemeka, kikakohoa, kikazima. Harufu ya vanishi ikaingia ndani ya gari.

"Usisimame," akasema baba.

Ikakohoa tena. Gari likatikisika kuanzia nyuma mpaka kwenye vioo. Halafu ikashika. Kwanza kwa kigugumizi, kisha sawasawa, na namba ya betri ikaacha kushuka.

Baba akaacha kutazama namba. Alikuwa amegeuza kichwa kidogo, sikio nyuma.

"Ndiyo mlio wenyewe huo?" akauliza.

Nikakumbuka kwamba hakuwahi kuusikia. Siku zile za kukohoza gari yeye alikuwa kazini.

"Ndiyo huo."

"Aliniambia unafanana na cherehani."

"Ile kubwa ya umeme. Akishona pindo refu."

Baba akafumba macho. Hakuwa amelala, maana kila nilipopunguza mwendo kope zake zilicheza. Alisikiliza njia nzima.

Nyumba ya dada ilikuwa imejaa maboksi na mwangwi. Mtoto alisimama katikati ya sebule tupu, kiatu kimoja mguuni, akamtazama baba akiingia kwa fimbo.

"Babu," akasema.

Baba akasimama ghafla. "Ananijua?" Akamgeukia dada. "Umemfundisha?"

Dada akaniangalia mimi, mimi nikaangalia maboksi.

"Kila siku, baba," akasema dada. "Namwonyesha picha yako kila siku."

Jioni yote mtoto aliufanya mguu wa vyuma kuwa mteremko wa kuteleza. Anapanda gotini, anashuka mpaka kwenye kiatu, anapanda tena. Baba alikuwa anauma meno kwa maumivu na hakumwondoa. Alimtolea ile brashi laini akampitisha nayo shavuni, kushoto na kulia, kama anapaka ukuta, mtoto akacheka mpaka akapata kwikwi. Mimi na dada tulifunga maboksi. Nilimpa mapazia. Aliyakunjua, akaweka uso kwenye vifaranga, akakaa hivyo.

"Madirisha ya huko sijui yakoje," akasema baadaye. "Moja nitalifanya shuka lake. Hili jingine rudi nalo, sanduku limejaa."

Asubuhi teksi ilikuja kuwachukua. Dada alinikumbatia akaninong'oneza niongee, niongee na mtu yeyote, hata na Spana. Mtoto alimpungia mkono baba, kisha akampungia dereva wa teksi, akamwita babu. Baba hakusikia, au alijifanya hakusikia. Tulibaki kufagia na kusubiri mwenye nyumba aje kuchukua funguo. Baba alikaa juu ya boksi lililoachwa, akaangalia ukuta.

"Hii rangi walipaka kwa haraka," akasema.

Wakati wa kurudi tulisimama kwenye kituo cha mafuta. Muuzaji akainama dirishani kwa baba.

"Nijaze, mzee?"

"Usijaze," akasema baba. "Weka ya kutufikisha, na ya kukohoa kidogo."

Muuzaji akanitazama. Nikamwonyesha kwa kidole kiasi kwenye mashine.

Sasa pazia la vifaranga liko kwenye dirisha la chumba cha mama. Simu za dada zimekuwa fupi; kwetu kukicha kwao watu wanalala, na nikimkusanyia maneno yanachelewa mpaka naona aibu kuyasema. Nimemwambia habari za paka wa jirani, akauliza paka gani. Vikombe vyetu vinaendelea na lugha yao.

Mwezi ulipokwisha, tulikuwa tunatoka kwenda sokoni, maneno yakatokea kwenye kioo. Baba akanyoosha mkono. Nilisubiri. Akabonyeza Sawa, akafuta kidole kwenye suruali kama kawaida yake, na nyuma yetu cherehani ikaanza.

"Mama yako alikuwa anakwenda wapi?" akauliza.

Nikapitiliza soko, nikashika barabara ya kilimani. Tulipanda polepole mpaka kwenye minara. Upepo ulikuwa mkali, na chini mji ulionekana mabati tu. Nikasimamisha gari, injini ikaendelea kunguruma. Baba alitazama huku na huku, minara, majani, barabara inapoishia, kama anayetafuta mtu aliyeahidiana naye.

"Alikuwa anafanya nini hapa?"

"Hakuna. Alikuwa anageuza."

Baba akaitikia kwa kichwa. Tulikaa mpaka injini ikazima yenyewe, na baada ya hapo tukakaa kidogo tena.

"Haya," akasema. "Geuza."